Mjue Unayemwimbia: Mwongozo Kamili wa Kumjua Mungu Kabla ya Kumwabudu

Kitabu cha Kwanza cha Samweli kina aya mbili ambazo kila anayehudumu kanisani angefaa kuzisoma pamoja. Ya kwanza inawahusu Hofni na Finehasi, wana wa Eli, makuhani waliokuwa wakinyakua nyama ya sadaka hata kabla mafuta hayajateketezwa: "hawakumjua Bwana" (2:12). Ya pili inamhusu kijana Samweli, aliyekuwa akilala hekaluni na kufungua milango asubuhi: "Samweli alikuwa hamjui Bwana bado" (3:7). Wote watatu walikuwa kazini, na hakuna hata mmoja aliyemjua mwenye nyumba. Walipotofautiana ni hapa: Samweli alipoitwa usiku aliamka akaitika, lakini wana wa Eli walionywa na baba yao wakatia pamba masikioni.

Mwongozo huu ni wa akina Samweli. Ni wa dada wa kwaya, kijana wa kinanda, mama anayepanga viti, na yule anayekaa benchi la nyuma kwa sababu tangu utotoni Jumapili ni siku ya kanisa. Nawafikiria hasa wenzangu wa ibada za Kiswahili hapa Uganda: makanisa ya Katwe, Nsambya na Makindye yaliyojaa ndugu zetu kutoka Kongo, ibada za kambini kwa askari, makusanyiko ya kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyangwali, na waumini wa mpakani Busia na Malaba. Sauti tunazo, nyimbo za Kongo, Kenya na Tanzania tunazijua kwa moyo. Ila mwulize mwimbaji baada ya ibada: huyu uliyemwita Simba wa Yuda saa nzima, Jumatano mlizungumza nini? Wengi watacheka kidogo kisha waangalie simu.

Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kisimani: "Ninyi mnaabudu msichokijua" (Yohana 4:22). Sisi tunapenda kuiruka aya hiyo tukimbilie ile ya roho na kweli, na semina za kuabudu karibu zote huanzia aya ya 23. Naona tumeanzia ghorofani.

Kabla ya kuanza

Unahitaji Biblia, daftari la shule la bei ya chini kabisa, kalamu, na muda wa kama nusu saa ambao hakuna anayekudai. Biblia ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952, ndiyo masikio yetu yameizoea, na nukuu zote hapa zimetoka humo. Kama Kiswahili chake kinakukwaza, weka kando yake Habari Njema au Biblia ya lugha yako. Asiyesoma vizuri asikilize. Biblia za sauti zipo kwenye simu, na kusikiliza si kusoma kwa daraja la pili. Makanisa ya kwanza yalisikiliza barua za Paulo zikisomwa na mtu mmoja.

Nusu saa hiyo ndiyo kazi. Anayekaa chumba kimoja na mke, watoto wanne na shemeji hana "chumba cha siri" cha Mathayo 6. Wapo wanaoamka kabla bodaboda hazijaanza kunguruma. Wapo wanaoomba wakitembea kwenda sokoni alfajiri, na wengine hubaki kanisani mchana wa Jumanne kwa kuwa mlango uko wazi na hakuna mtu. Mwendesha taksi anayesubiri abiria stendi ana nusu saa nyingi kuliko anavyofikiri. Chagua saa na mahali, na uwaambie wa nyumbani wasikuite wakati huo.

Hatua ya kwanza: pima ulichonacho

Kabla ya kufungua Biblia, andika daftarini sentensi kumi kuhusu Mungu. Usiandike zinazopendeza, andika unazoamini kweli. "Mungu ni mwema." "Mungu amekasirika kwa sababu nilihamia kwa mwanamume kabla ya ndoa." "Mungu huwasikia wachungaji haraka kuliko mimi." Ziandike hivyo hivyo.

Kisha kando ya kila sentensi weka alama: nimesikia, nimesoma, au nimeonja. Uliyosikia ni ya mama, ya mhubiri, ya wimbo. Uliyosoma umeyakuta mwenyewe kwenye Maandiko. Uliyoonja ni yale ambayo hata ukiamshwa usiku wa manane ungeyatetea, kwa sababu ulikuwepo. Ayubu alikuwa mtu wa sadaka na maombi tangu sura ya kwanza, lakini ilimchukua hadi sura ya 42 kusema, "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona." Kwa hiyo usiogope ukikuta karibu zote ni za kusikia. Waumini wengi huanzia hapo.

Zitazame tena zile ulizoandika kwa uchungu. Mara nyingi sentensi kama "Mungu anasubiri nikosee" haikutoka kwa Mungu. Imetoka kwa baba aliyekuwa na fimbo, mwalimu, au afisa aliyekupanga foleni siku nzima halafu akafunga dirisha. Ziwekee mduara, tutazirudia katika hatua inayofuata.

Hatua ya pili: anza na Yesu, polepole

Ukitaka kumjua Mungu usianze na Ufunuo wala na unabii wa nyakati za mwisho. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi kuliko nyingine zote, na Yesu humo hatulii: anatembea, anagusa, anachoka, analala mashuani. Soma nusu sura kwa siku. Mwezi mmoja na siku chache utakuwa umemaliza.

Kila siku jibu maswali matatu tu daftarini: Yesu amefanya nini hapa? Amesema nini? Hilo linanionyesha Mungu yukoje? Swali la "linanihusu vipi mimi" liache kwanza. Tumezoea kulikimbilia, na ndiyo maana tunafunga Biblia tukiwa tumejiona wenyewe tu.

Tuchukue Marko 1:40 hadi 45. Mwenye ukoma anapiga magoti na kusema, "Ukitaka, waweza kunitakasa." Uwezo hautilii shaka, kinachomtatiza ni kama Yesu atataka. Hapo simama, kwa sababu wengi wetu tuko papo hapo: tunaimba kwamba Mungu ni mwenye nguvu zote, huku moyoni tunajiuliza kama ana habari na sisi. Kisha Marko anaandika kwa utaratibu: "akamhurumia, akanyosha mkono wake, akamgusa, akamwambia, Nataka, takasika." Mkono umetangulia. Sheria ya Walawi ilimtaka mtu huyu akae nje ya kambi, na kumgusa ni kujitia unajisi. Yesu angeweza kumponya kwa neno akiwa mbali, kama alivyofanya kwa wengine, lakini huyu alimgusa kabla hajapona. Halafu endelea hadi mwisho: yule mtu anaitangaza habari kila mahali, na matokeo yake Yesu ndiye anayeshindwa kuingia mjini waziwazi, anabaki nje mahali pasipo watu. Wamebadilishana nafasi.

Sasa rudi kwenye zile sentensi za mduara. Ukiwa uliandika kwamba Mungu anakuona najisi, weka tukio hili mbele yake na usome tena. Usilazimishe moyo ukubali leo. Andika tu tarehe na maneno "alimgusa kabla hajapona". Jumapili inayofuata, wimbo wa rehema ukianza, utakuwa na picha ya mkono ulionyoshwa, na sauti yako itakwenda kwenye picha hiyo bila kiongozi wa sifa kukupigia kelele.

Mtu huuliza: nahitaji kujua mengi kiasi gani ndipo niseme namjua? Jibu la Uganda lipo Namugongo. Kizito, mdogo kuliko mashahidi wenzake wa Uganda waliouawa kwa imani yao, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Alikuwa bado mwanafunzi wa dini wakati hasira ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ilipolipuka, na shahidi mwenzake Karoli Lwanga alimbatiza usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 huko Munyonyo. Tarehe 3 Juni, siku nane baadaye, walichomwa moto Namugongo. Biblia nzima ya Kiganda ilikuja kukamilika mwaka 1896, miaka kumi baada ya kifo chao. Walikuwa na mafundisho machache, sala walizokariri, na Mtu waliyemwamini kuliko walivyomwogopa Kabaka. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kwa majina, na kila Juni mahujaji hutembea kwa miguu hata kutoka nchi jirani kwenda pale. Kwa hiyo usiseme unasubiri hadi umalize chuo cha Biblia.

Hatua ya tatu: lijue jina lake, kisha uiname

Ukimaliza Marko, nenda Kutoka 33 na 34. Musa ameshaona kijiti kinachowaka, mapigo na bahari iliyogawanyika, na bado anaomba: nionyeshe utukufu wako. Mungu anapita mbele yake, na kinyume na tunavyotarajia hamwonyeshi miujiza mingine. Anajitaja: "Bwana, Bwana, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Aya ya 7 inaongeza kwamba hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia, na hiyo usiiruke, maana waliodhulumiwa ardhi na jamaa zao wanahitaji Mungu asiyefumba macho. Aya ya 8 ndiyo yetu: "Musa akafanya haraka akainama kichwa chake hata nchi, akasujudu." Hakuna aliyemwambia asujudu. Amesikia Mungu yukoje, magoti yakafuata.

Fanya hivi kwa wiki mbili. Chagua sifa moja kutoka kwenye orodha hiyo kila siku na uitafute katika Zaburi. Huruma iko Zaburi 103. Uaminifu Zaburi 89. Ulinzi Zaburi 121. Mungu anayetujua ndani nje Zaburi 139. Soma aya chache kwa sauti, kisha zigeuze ziwe maneno ya kumwambia yeye. Zaburi 103:14 inasema "anatujua umbo letu, na kukumbuka kwamba sisi tu mavumbi". Wewe sema: "Baba, unajua nimechoka. Unakumbuka mimi ni udongo hata ninapojifanya chuma. Asante kwa kutonidai nguvu ambazo hukunipa." Hapo umeabudu, na hakuna kinanda kilichopigwa.

Hatua ya nne: zungumza naye kwa lugha yako

Tuna tatizo la maombi ya kuigiza. Mtu akiambiwa aombe, sauti inakwaruza, "Baba katika jina la Yesu" inaingia kila baada ya maneno matatu, na lafudhi inageuka ya mhubiri wa televisheni. Baba gani anazungumziwa hivyo nyumbani? Omba kwa lugha unayotumia kuwagombeza watoto. Ikiwa ni Kiganda, Kialur, Kilugbara, Kiacholi au Kinyabwisha, omba hivyo ukiwa peke yako, hata kama kanisani mnaomba Kiswahili.

Na kwa Kiswahili chenyewe niseme neno. Wapo wazee wa Uganda ambao Kiswahili kinawakumbusha askari waliovunja milango usiku enzi za Amin na baada yake, na ukianza kuomba kwa lugha hii karibu nao wanashtuka. Usibishane nao. Wanastahili kusikia Kiswahili kikitumika kubariki, na hilo litawachukua muda. Ila vijana wajue pia kwamba waumini wa kwanza wa Buganda, siku za mmisionari Alexander Mackay na Padri Lourdel ambaye watu walimwita Mapeera, walianza kufundishwa na kusoma habari za Yesu kwa Kiswahili, kabla vitabu vya Kiganda havijachapwa vya kutosha. Lugha hii ilikuwa madhabahuni kabla haijavaa sare.

Ombi la kweli laweza kuwa hivi: "Baba, ni mimi. Kodi ya chumba ni tarehe tano na sina hata nusu. Shemeji ameniudhi na bado nina hasira naye. Jana nimesoma ulivyomgusa mwenye ukoma. Uniguse hapo kwenye hasira. Sina zaidi. Amina." Ni fupi. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", na Yesu akasema huyo ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Baada ya kusema, nyamaza dakika chache. Mawazo yatakimbia kwenda kwenye deni na simu. Yarudishe taratibu kwa aya uliyosoma, na usitegemee sauti ya kutisha kutoka dari.

Wewe Mkatoliki wa Rubaga au Mwanglikana wa Namirembe, usidhani ushauri huu unadharau sala zilizoandikwa. Hata sisi walokole tungefaidika nazo. Chukua Baba Yetu, sala ambayo Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi, uiombe ombi moja kwa siku. Jumatatu "jina lako litukuzwe" na ukae hapo. Ijumaa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", na orodha ya wadeni itakuja yenyewe.

Hatua ya tano: acha sadaka yako, nenda kwanza

Mathayo 5:23 na 24 inaweza kuharibu Jumapili ya mtu: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda upatane, ndipo urudi. Uamsho wa walokole ulioenea Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulishikilia jambo hili kwa ukali. Waliita kutembea nuruni, kwa maneno ya 1 Yohana 1:7, na watu walirudisha walichoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakawaomba radhi wake zao na hata waliowachukia kwa kabila. Nyimbo zao za shukrani zilikuwa na uzito kwa sababu kila mtu kijijini alijua nini kilikuwa kimerudishwa.

Fanya kwa akili. Mwendee uliyemkosea, mkiwa wawili. Ukimkosea mmoja, usiungame mbele ya mia mbili kwenye maikrofoni. Hapo unamwaibisha yeye na kujipatia sifa wewe. Ukiwa na deni usiloweza kulipa lote, peleka ulicho nacho na useme lini utaleta kingine. Na kama wewe ndiye uliyepigwa au kunyanyaswa, aya hii haikulazimishi kurudi kwenye nyumba ya hatari. Yesu anazungumza na aliyekosea.

Hatua ya sita: tii jambo moja

Yeremia anamtaja mfalme Yosia aliyewatetea maskini na wahitaji, kisha Mungu anauliza: "Je! Huku siko kunijua mimi?" (22:16). Kumjua Mungu kunapitia mikononi. Katika usomaji wa wiki chagua agizo moja na ulifanye kabla ya Jumapili. Mlipe msichana wa kazi mshahara uliochelewa. Rekebisha mizani ya nyanya. Mtembelee mgonjwa wa hospitali ya Mulago asiye na ndugu Kampala, na umpelekee uji kwenye chupa, maana wagonjwa wengi hutegemea chakula kinacholetwa na jamaa. Jambo moja tu kwa wiki, lakini lifanyike.

Hatua ya saba: usitembee peke yako, na usikodishe mtu atembee badala yako

Tafuta watu wawili au watatu wa kukutana nao mara moja kwa wiki, sebuleni au chini ya mwembe. Kila mmoja aseme alichosoma, alichotii na alichoshindwa, kisha ombeaneni. Mkaribisheni pia mzee mmoja aliyeokoka siku nyingi na mmwulize Mungu alimfanyia nini mwaka ule wa vita au wa njaa. Ushuhuda wa bibi aliyevuka mpaka na watoto mgongoni una teolojia ambayo vitabu vingi havina.

Nabii anayeuza ombi, maji au mafuta ili azungumze na Mungu kwa niaba yako anakuweka mbali na kile ulichokuja kutafuta. Pazia la hekalu lilipasuka kutoka juu hata chini Yesu alipokufa, na sioni sababu ya kulipia mtu alishone tena. Mchungaji mwema atakuombea bure na atakuuliza umesoma nini.

Hatua ya nane: kutoka chumbani hadi jukwaani

Hapa ni kwa wanaoongoza sifa, ingawa wengine wasome pia ili wajue cha kudai. Jumamosi jioni, kabla ya mazoezi, andika maneno ya kila wimbo kwenye karatasi bila muziki na uyasome kama barua. Je, Mungu anatajwa, au ni "mimi" mwanzo hadi mwisho? Kuna jambo lolote alilofanya, msalaba, ufufuo, kutuvusha, au ni maneno matamu tu? Na kipimo changu kikali: wimbo huu ungeweza kuimbiwa mgombea kwenye kampeni bila kubadilisha neno? "Wewe ni mkuu, hakuna kama wewe, twakuinua juu" unapita jukwaani pa siasa bila shida. Usiutupe, lakini utangulize na aya inayosema ni nani aliye mkuu na kwa nini.

Panga ibada kwa mfuatano wa Kutoka 34: kwanza watu wasikie Mungu yukoje, ndipo waitike. Soma Zaburi 103:8 hadi 14 taratibu, bila kinanda kukoroma nyuma. Nyamaza kidogo, kimya hakijawahi kuua kanisa. Kisha wimbo wa rehema, na baada yake toba fupi, ndipo sifa za kucheza, kwa maana aliyesamehewa ana haki ya kucheza. Mkiwa na dakika ishirini, nyimbo nne zinatosha. Medli ya nyimbo kumi na mbili humchosha bibi na kumfurahisha mpiga ngoma.

Acha kugombeza watu. "Sikusikii kanisa! Mmekula ugali au hamjala? Semeni Haleluya kubwa kuliko hiyo!" Mtu aliyefika akiwa amefiwa anasikia hayo kama amri ya polisi. Sema badala yake kwa nini unamshukuru Mungu wiki hii, kwa sentensi mbili za kweli, kisha imba. Watu hufuata mtu anayetazama mahali fulani.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, msikimbilie jenereta mara moja. Endeleeni kwa makofi na ngoma, au kwa sauti tupu. Dakika hizo zitawaonyesha kama ibada ilikuwa ya watu au ya mitambo. Amosi 5:23 Mungu anaomba aondolewe kelele za nyimbo na vinanda, na aya inayofuata anataka haki iteremke kama maji. Timu ambayo wanachama wake hawalipani nauli walizoahidiana, au inayomcheka msichana aliyepata mimba badala ya kumtembelea, isishangae sauti ikigonga bati na kurudi. Na maneno ya Mathayo 7:23, "Sikuwajua ninyi kamwe", yaliambiwa watu waliokuwa wametoa unabii na kufanya miujiza kwa jina lake. Walikuwa watumishi wenye matokeo.

Hatua ya tisa: siku za ukavu

Zitakuja. Utasoma Marko na itakuwa kama kusoma risiti. Kwanza angalia mwili: hujalala, una malaria, umefiwa, umejifungua juzi? Pumzika na upate tiba. Si kila kiza ni cha kiroho. Kisha angalia kama kuna jambo uliloambiwa ulifanye ukalikwepa katika hatua ya tano au ya sita. Lisipokuwepo, basi ni ukavu tu, na huwapata hata walio ndani sana. George Pilkington, aliyeongoza tafsiri ya Biblia ya Kiganda, alishika kila neno la Maandiko kwa mikono yake, na mwaka 1893 alikwenda kisiwa cha Kome akiwa amevunjika moyo kuhusu huduma yake. Huko alijinyenyekeza akaomba ajazwe Roho Mtakatifu, na aliporudi Mengo alisimama akakiri upungufu wake mbele ya waumini. Uamsho ulianzia hapo.

Wakati wa ukavu usiigize furaha. Imba Zaburi 13, aya sita tu: inaanza na "hata lini utanisahau" na kuishia kwa wimbo. Wiki ambazo hata hiyo ni ndefu, kuna Zaburi 88, inayoishia gizani, na bado iliwekwa katika kitabu cha nyimbo cha Israeli. Punguza usomaji, aya mbili kwa siku, lakini saa ile ile na mahali pale pale. Wagalatia 4:9 Paulo anajisahihisha katikati ya sentensi: mkiisha kumjua Mungu, "au zaidi kujulikana na Mungu". Wiki ambayo wewe humhisi, yeye bado anakujua kwa jina.

Kama unaongoza sifa, mwambie mchungaji wazi kwamba mwezi huu utakaa na wasikilizaji. Usitafute kisingizio cha koo. Mpe mwenzako maikrofoni na orodha ya nyimbo, uje mapema kama kawaida, ukae katikati ya kanisa na watu wengine, uimbe unapoweza na unyamaze unaposhindwa. Kanisa lenye busara halitampa mtu mwingine nafasi yako moja kwa moja, na likimpa, utakuwa umejua mapema ulikuwa unamtumikia nani.